Kumpinga Profesa kwa Kituruki Bila Kumvunjia Heshima

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nasoma shahada ya uzamili Uturuki, mwaka wa kwanza baada ya ule wa kujifunza lugha. Wiki iliyopita msimamizi wangu alinishauri nibadilishe mada ya tasnifu: niache soko la karafuu la Pemba, niandike kuhusu biashara kati ya Uturuki na Afrika Mashariki kwa jumla. Nikamjibu, "Hayır hocam, size katılmıyorum," hapana mwalimu wangu, sikubaliani nawe. Hakugomba. Alisema tu "Peki" akageukia karatasi zake. Mwenzangu Mturuki aliyekuwepo akaniambia baadaye kwamba nimemkata profesa. Kwenye kozi tulifundishwa kuwa "katılmıyorum" ndiyo "sikubaliani nawe". Nimekosea wapi? Na nitamwambiaje sasa, maana mada sitaki kuibadilisha?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kozi haikukudanganya. Katılmıyorum maana yake ni sikubaliani, na sarufi yako haina kasoro. Kasoro ni kwamba sentensi hiyo ni ya mdahalo. Utaisikia kwenye televisheni wanasiasa wanapobishana, na utaikuta kwenye vitabu vya mazoezi. Mwanafunzi aliyeketi mbele ya msimamizi wake, ndani ya ofisi ya msimamizi huyo, hasemi hivyo. Ukatanguliza na hayır, ukawa umefunga mlango mara mbili kabla hujatoa hata sababu moja. Sidhani kama profesa aliona umemtukana. Aliona hukumwachia la kusema, naye akasema dogo kuliko yote: peki, yaani haya.

Wanafunzi wengi wanaoniuliza swali kama lako hutaka niwape orodha ya maneno ya adabu. Wanayakariri, kisha wanayabandika mbele ya "hapana" ileile, na wanashangaa kuona Mturuki bado ananuna. Adabu ya kupinga kwa Kituruki haikai sana kwenye maneno ya kuomba radhi. Inakaa ndani ya kitenzi, na kwenye mpangilio wa sentensi nzima. Ukivishika viambishi vitatu vinne vya kitenzi, utaweza kumpinga hata mkuu wa chuo, na vishazi vya adabu vitakuwa vya kuongezea ladha tu.

Anza na jambo ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili hatulioni kwa sababu tumelizoea. Sisi tunakanusha mwanzoni mwa kitenzi: sitakuja, haifai, hatukubaliani. Msikilizaji anajua jibu lako kwenye silabi ya kwanza. Kituruki kinakanusha baada ya mzizi. Gelmeyeceğim, sitakuja, imejengwa hivi: gel ni kuja, me ni ukanushi, yeceğ ni wakati ujao, na im, mwishoni kabisa, ndiyo mimi. Tena kitenzi hicho chote kwa kawaida hukaa mwisho wa sentensi. Kwa hiyo Mturuki ana nafasi ndefu kabla ya kufika kwenye "hapana": anashukuru, anasifu, anataja ugumu, anatoa sababu, na kitenzi kinapofika msikilizaji ameshaandaliwa. Hayır yako ya mwanzo iliitupa nafasi hiyo yote.

Sasa viambishi vyenyewe. Cha kwanza ndicho muhimu kuliko vyote, nacho kinatofautiana na ukanushi wa kawaida kwa irabu moja tu. Gelmem ni siji, na inasikika kama sitaki. Gelemem ni siwezi kuja. Vivyo hivyo gelmeyeceğim ni uamuzi: sitakuja, basi. Gelemeyeceğim ni sitaweza kuja. Waturuki hukataa kwa umbo hili la pili karibu kila mahali, hata pale ambapo uwezo wanao, na hakuna anayeona kuwa ni uongo. Ni njia ya kuitoa nia yako kwenye meza na kuweka hali halisi mahali pake. Ukilitia kwenye kitenzi chako, katılmıyorum inakuwa katılamıyorum, siwezi kukubaliana, na ukiisogeza kwenye wakati ujao inakuwa katılamayacağım, sitaweza kukubaliana. "Bu konuda size katılamayacağım hocam" bado ni upinzani ulio wazi, lakini unaweza kusemwa mkutanoni mbele ya watu na heshima ya kila mmoja ikabaki. Nakusihi uzoeze ulimi wako irabu hiyo. Nimesikia wageni wenye Kituruki kizuri wakionekana wakaidi kwa sababu ya e au a moja iliyoachwa.

Cha pili ni cha huenda. "Bu doğru değil" ni hii si kweli. "Bu doğru olmayabilir" ni huenda hii isiwe kweli. Jihadhari na mpangilio wake: ukikanusha uwezo unapata gelemem, siwezi kuja, ukiweka uwezekano baada ya ukanushi unapata gelmeyebilirim, huenda nisije. Na vyote viwili vinaweza kukaa pamoja ndani ya neno moja. Bulamayabilirim: huenda nisiweze kupata. Kwa mwanafunzi wa uzamili neno hilo ni hazina. "Yeterli kaynak bulamayabilirim", huenda nisipate vyanzo vya kutosha, halimwambii profesa kwamba wazo lake ni baya. Linasema udhaifu, kama upo, uko upande wangu.

Cha tatu ndicho moyo wa jambo lenyewe. Mturuki stadi hapingi pendekezo. Analeta pendekezo lingine kwa umbo la swali. Anatumia se au sa ya kushurutisha, yaani "kama tungefanya hivi", kisha anauliza. Chukua mfano mdogo. Mtu anasema, "Cuma öğleden sonra toplanalım," tukutane Ijumaa alasiri. Wewe huwezi. Unajibu: "Cuma biraz sıkışık olmaz mı? Perşembe toplansak nasıl olur?" Ijumaa haitakuwa na mbanano kidogo? Je, tukikutana Alhamisi itakuwaje? Tazama jibu hilo lote: hakuna "hapana" ndani yake, wala "sikubali", wala "samahani". Kila Mturuki aliyepo amesikia kwamba Ijumaa umeikataa. Tanguliza acaba, neno la kujiuliza, "sijui kama", na swali linazidi kulainika: "Acaba Perşembe mi toplansak?"

Umbo hilohilo linafanya kazi pale unapotaka kujitoa. "Bugün gelmesem olur mu?" nisipokuja leo itakuwa sawa? Umekataa mwaliko kwa kuomba ruhusa. Na kuna ndugu yake wa kukanusha kwenye swali: "Yarına bıraksak daha iyi olmaz mı?" tukiiachia kesho haitakuwa bora? Ukiniuliza nichague sentensi moja tu ya kumfundisha mtu anayeshuka uwanja wa ndege wa Istanbul leo, nitachagua hiyo.

Hapo ndipo vishazi vya kukubali kwanza vinapopata kazi. Haklısınız ni una haki, yaani umesema kweli. Lakini ukiitamka tupu halafu ukapinga, inaonekana umeisema kwa mdomo tu. Ipunguze: "O konuda haklısınız," kwenye jambo hilo umesema kweli. Hapo umemkubalia sehemu fulani na kumwonyesha kwamba ulimsikiliza. Kisha tumia yalnız, neno ambalo kwingine ni peke yake au tu, na hapa ni ila. Yalnız ni laini kuliko ama. Na kwa kuwa ama ya Kituruki ni lakini, si ile ama yetu ya "ama hiki ama kile", iangalie isikupoteze unaposikiliza.

Nakupa pia muundo mmoja ambao vitabu vya wageni huuruka, na ambao Mturuki akiusikia kutoka kwako atatabasamu: "Güzel olmasına güzel de, biraz pahalı." Uzuri ni mzuri kweli, ila ni ghali kidogo. Unarudia sifa mara mbili, unaweka de au da kufuata irabu iliyotangulia, kisha unaleta kasoro. "Ucuz olmasına ucuz da, çok uzak." Urahisi wa bei upo, lakini ni mbali mno. Huu ni wa marafiki, wenzako wa bweni, muuza viatu sokoni. Usiuandike kwenye barua ya kiofisi.

Kuna mitego miwili ambayo inatokana na Kiswahili chenyewe, na nimeiona ikiwagharimu watu wetu kuliko makosa ya sarufi.

Mtego wa kwanza ni tamam. Sisi tunapomsikiliza mtu huitikia "sawa, sawa", tukimaanisha nakusikia, endelea. Mwanafunzi anapeleka mazoea hayo kwenye Kituruki, na profesa anapoeleza pendekezo lake yeye anaitikia "tamam, tamam". Kwa Mturuki, tamam baada ya pendekezo ni makubaliano, jambo limekwisha. Ukija na ama yako dakika mbili baadaye, hapingwi tena, anageukwa. Tumia anladım, nimeelewa, au anlıyorum, naelewa. Kichwa kiitikie, mdomo uchelewe kusema tamam hadi uwe umekubali kweli.

Mtego wa pili ni samahani yetu. Mtu hutafuta neno la kuomba radhi na kukutana na özür dilerim. Hilo ni zito; ni la aliyemkanyaga mtu au aliyechelewa saa nzima. Kupinga hoja si kosa la kuombewa msamaha namna hiyo. Kusura bakmayın, uniwie radhi, linatosha, lakini mahali pake pana maana kubwa. Likija mwisho, "Gelemeyeceğim, kusura bakmayın," linatuliza. Likija mwanzo na ama nyuma yake, "Kusura bakma ama...", Waturuki wenyewe hukaa tayari kupigwa, kwa sababu mara nyingi linalofuata ni neno kali. Yanlış anlama ama, usinielewe vibaya lakini, lina tabia hiyohiyo. Yaweke mwisho.

Na usimwelekezee mtu kosa. Yanılıyorsunuz, umekosea, ni nzito hata ikisemwa kwa siz, ile "wewe" ya heshima. Saçma, upuuzi, haiwafai watu msiozoeana. Sema kuhusu jambo: "Aklıma takılan bir nokta var," kuna jambo limenikwama akilini. "Bir çekincem var," nina shaka moja. Na kwenye mkutano, ukihitaji kumkatiza anayesema, Kituruki kina njia ya uungwana ambayo naipenda sana: "Sözünüzü balla kesiyorum," nakata maneno yako kwa asali.

Kuhusu majina huhitaji mengi, kwa kuwa hocam tayari unalo. Kwenye vyuo vya Uturuki neno hilo limeenea hadi nje ya darasa. Kwenye chuo kikuu cha ODTÜ pale Ankara wanafunzi huitana hocam wao kwa wao. Kwa profesa wako lirudie katikati ya maneno, si mwanzoni tu, na usilitenganishe na siz hata siku moja. Kwingineko ni jina la kwanza na Bey, bwana, au Hanım, bibi: Mehmet Bey, Ayşe Hanım, kamwe si jina la ukoo. Sheria ya mwaka 1934 iliviondoa rasmi vyeo kama bey na hanım, lakini midomo ya watu haikuviacha, na leo ukimwita mkuu wa idara kwa jina tupu utakuwa umemkosea kabla ya kufika kwenye hoja. Kwa mtu mzima wa mtaani ni abi (kaka), abla (dada), amca (ami), teyze (mama mdogo).

Kuna na mwili. Mturuki akitaka kusema hapana huweza kuinua nyusi na kichwa kidogo kwa juu, na kutoa sauti fupi ya ulimi, cık. Dada zetu wanaofika kule huiona hiyo na damu ikachemka, maana kwetu msonyo ni dharau. Haina dharau. Ni hapana ya kawaida, wakati mwingine ya uvivu tu. Wewe lakini usiitumie kwa aliyekuzidi umri, na usilete msonyo wetu mrefu kwa yeyote.

Pamoja na marafiki mambo hubadilika. Ukizidisha ulaini kwao utaonekana umejitenga, kwamba hujawakubali. Mwenzako akisema twende kula mahali fulani, "Yok ya, orası çok kalabalık," aa, pale pana watu wengi mno, ni sawa kabisa. Vijana wanapenda sana bilemedim, kwa maana ya sijashawishika: "Hmm, bilemedim şimdi." Na kuna "pek içime sinmedi", haijanikaa vizuri moyoni, ambayo unaweza kuipanda nayo hadi kwa watu wakubwa bila woga, kwa sababu hakuna anayeweza kubishana na moyo wako. Pek, kwa njia, likitangulia kitenzi cha kukanusha hupunguza makali yake: pek katılmıyorum ni sikubaliani sana, na hata wewe ungeitumia ile siku ingekuwa afadhali.

Utakutana pia na bakarız, tutaona, na inşallah, na kısmet. Hapa Mswahili hana haja ya kufundishwa. Ni kama "tutaona" na "inshallah" za kwetu: mara nyingi ni hapana iliyovikwa shuka. Ukiambiwa bakarız na ofisi, usikae ukingoja. Na kama wewe kweli una nia ya kukubali baadaye, usiseme bakarız. Sema "Biraz düşünmem lazım, yarın size haber vereyim," nahitaji kufikiri kidogo, kesho nitakujulisha.

Sasa nataka ukae na jambo moja ambalo wageni hawaambiwi: kuna mahali ambapo kupinga kwa nguvu ndiyo adabu yenyewe, na kukubali ndiko kukosa heshima. Profesa wako akisema, "Ben artık yaşlandım, bu yeni programlardan anlamıyorum," nimezeeka, programu hizi mpya sizielewi, usiseme haklısınız. Sema, "Estağfurullah hocam." Neno hilo asili yake unaijua. Sisi tunalisema kwa kutubu, au tukisikia jambo la kutisha. Waturuki wamelipa kazi nyingine: ndilo jibu la mtu anayejishusha, na ni jibu lako mwenyewe unaposifiwa. Maana yake inakuwa hapana, usiseme hivyo, na hakuna kupinga kunakopendwa kuliko huko. Akikuambia "Size zahmet verdim," nimekusumbua, jibu ni lilelile.

Mfano mwingine ni bili ya chakula. Mwenzako akitoa pochi akasema atalipa, ukasema "teşekkürler", asante, na kunyamaza, utakuwa umemwacha afanye wema bila hata kuugombea. Waturuki wanagombania bili kwa sauti: "Vallahi olmaz, ben ödeyeceğim!" Wallahi haiwezekani, nalipa mimi. "Olur mu öyle şey!" Jambo gani hilo! Olmaz, ambayo ofisini ni ngumu, hapa ni ukarimu. Gombania mara mbili tatu, kisha kama mwenzako ndiye mwenyeji, mwachie, ukisema "Bir dahaki sefere benden," safari ijayo juu yangu.

Na chai. Utaongezewa glasi hadi uchoke. Hayır hapa inasikika kama umekerwa. Sema, "Sağ olun, ben almayayım." Ni umbo la kujitakia, kama vile "basi mimi nisichukue", na ndilo namna laini kabisa ya kukataa kitu unachopewa. Teşekkür ederim peke yake, ukiitamka kwa utulivu, mara nyingi hueleweka kama hapana, kwa hiyo ukiwa unataka chai usiishie hapo. Na ukilaza kijiko juu ya glasi tupu, mwenyeji ataelewa kwamba umetosheka.

Mahali pa kuacha ulaini wote ni pale penye hatari au penye saini yako. Tangu Yapı Merkezi ya Uturuki ilipoanza kujenga reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam mwaka 2017, Watanzania wengi wamefanya kazi bega kwa bega na Waturuki, na kwenye eneo la ujenzi hakuna acaba. Mtu akitaka kusimama chini ya mzigo unaoning'inia, unapiga kelele "Olmaz! Tehlikeli!" Haiwezekani, ni hatari. Mkataba usioukubali, unasema "Bunu bu şekilde imzalayamam," siwezi kuutia saini ukiwa hivi. Ile a ya kutoweza imebaki, lakini hakuna swali mwishoni, na Mturuki atakuheshimu kwa hilo.

Turudi kwa profesa wako. Usimwandikie ujumbe wa simu. Andika barua pepe fupi, kisha uende ofisini. Kabla ya kuandika, jiulize ni nini kwenye pendekezo lake unaweza kukichukua kweli. Mimi naona kipo: wazo la biashara linaweza kuwa sura moja ya tasnifu yako ya karafuu. Kama nawe unaliona, andika hivi:

"Sayın Hocam,

Geçen haftaki öneriniz için çok teşekkür ederim. Üzerinde epey düşündüm. O gün kendimi iyi ifade edemedim, kusura bakmayın. Türkiye ile Doğu Afrika arasındaki ticaret gerçekten önemli bir konu. Yalnız aklıma takılan bir nokta var: konu çok geniş olduğu için bir yılda hakkını veremeyebilirim. Pemba'da ise saha çalışması yapma imkânım var. Acaba konuyu değiştirmek yerine önerdiğiniz ticaret boyutunu tezime bir bölüm olarak eklesem nasıl olur? Uygun görürseniz bu hafta odanıza uğrayıp görüşlerinizi almak isterim.

Saygılarımla,"

Kwa Kiswahili ni hivi: nakushukuru sana kwa ushauri wa wiki iliyopita, nimeutafakari vya kutosha. Siku ile sikuweza kujieleza vizuri, uniwie radhi. Biashara kati ya Uturuki na Afrika Mashariki ni mada muhimu kweli. Ila kuna jambo limenikwama: kwa kuwa mada ni pana mno, huenda nisiweze kuitendea haki kwa mwaka mmoja. Pemba nina nafasi ya kufanya utafiti wa uwandani. Sijui, badala ya kubadilisha mada, nikiuongeza upande wa biashara uliopendekeza uwe sura ndani ya tasnifu itakuwaje? Ukiona inafaa, ningependa nipite ofisini wiki hii nipate maoni yako.

Ona kwamba hujasema "sitaki" popote. Edemedim ni sikuweza, veremeyebilirim ni huenda nisiweze, eklesem nasıl olur ni swali. Mada umeishikilia, na hakuna mstari hata mmoja uliouficha msimamo wako. Ukitaka kuongeza "Tabii son karar sizin," bila shaka uamuzi wa mwisho ni wako, ongeza tu kama uko tayari auchukue kweli. Mimi nisingeongeza kwenye hii.

Tahadhari moja ya kiofisi, endapo mambo yatafika kwenye maombi rasmi kwa idara. Kwenye barua za serikali na vyuo, wa chini humwandikia wa juu "arz ederim", nawasilisha kwako, na wa juu humwandikia wa chini "rica ederim". Wanafunzi wageni huandika rica ederim wakidhani ni "naomba tafadhali", na karani anayeipokea anaona mtu anayemwamuru mkuu wa idara. Maombi yako yafunge kwa "Gereğini arz ederim." Barua pepe kwa profesa, Saygılarımla, yaani kwa heshima zangu, inatosha.

Jibu lake nalo ulisome vizuri. Akiandika "Konuşalım", tuzungumze, mlango uko wazi. Nenda na ukurasa mmoja unaoonyesha sura hiyo ya biashara itakaa wapi. Akiandika "Olabilir", inawezekana, yuko katikati, na vyanzo utakavyomwonyesha ndivyo vitamvuta. Akisema "Sen bilirsin", usifurahi haraka. Neno kwa neno ni wewe ndiye unayejua, lakini mara nyingi ni sauti ya mtu aliyeamua kutobishana nawe, huku shauri lako hajalikubali. Ukilisikia hilo, usitoke ofisini. Mwambie, "Hocam, sizin de içinize sinsin isterim," ningependa nawe likukae moyoni, kisha umuulize ni sehemu gani inayomtia shaka, na umsikilize hadi amalize, bila kusema tamam.